Kitabu Kiliisha, Nikaendelea Kusoma

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na mpaka leo alasiri lilikuwa langu peke yangu. Kitabu kiliisha zamani, na mimi nikaendelea kusoma.

Sisemi kwamba nilikirudia. Nilikuwa nafungua kurasa nilizokwisha kuzimaliza, nazikazia macho kama mtu anayesoma, na mdomo wangu unasema maneno ambayo hayamo. Mbele yangu ameketi Bibi na ungo wake wa mchele, anasikiliza. Bibi hajui Kiingereza. Ya mle ndani alikuwa anayapata kwangu tu, na mimi nikawa namtungia.

Leo ni Jumamosi, hapa Shelui. Upepo tangu asubuhi, mabati yanagonga, mawingu yamejikusanya upande wa Sekenke lakini mvua bado inatutania. Malori yamepanga foleni kando ya barabara kama kawaida. Nimekaa chumbani na simu, naandika haraka haraka kabla kichwa hakijapoa.

Nianze na mwandishi mwenyewe.

Jina lake silitaji. Sijalisahau, ni wivu tu. Nikilitaja mtakwenda kumtafuta, na mimi nimezoea kuwa naye peke yangu. Ni mwanamke wa Kijapani, yuko hai, bado anaandika. Nyuma ya kitabu kuna picha yake: nywele fupi, sweta la kijivu, macho yanaangalia pembeni kama mtu aliyeitwa kupigwa picha wakati anataka kwenda zake. Nilimpenda kwa picha ile kabla sijasoma hata mstari mmoja. Kwenye picha yetu ya darasa, mimi pia nimeangalia pembeni.

Kitabu alinipa mwalimu wa mazoezi aliyekuja kutufundisha Kiingereza tulipokuwa kidato cha tatu. Aligundua kwamba akiniita nisome kwa sauti, sauti inakwama hapa kooni na darasa zima linageuka kunitazama. Hakunilazimisha. Siku anaondoka alikiweka juu ya dawati langu, akasema, "Huyu hapigi kelele. Mtaelewana."

Tumeelewana.

Ingawa mwanzoni nilikasirika, niseme ukweli. Nilikuwa nasubiri jambo litokee. Shuleni tumezoea vitabu ambavyo mtu anakufa, au anapata mimba, au anafungwa, halafu mwalimu anauliza umejifunza nini. Hiki hakina hayo. Kuna mjane anaitwa Sachi, anaishi na mama mkwe wake, Bi Tome, katika mji mdogo wenye theluji. Sachi anakata tiketi kituo cha mabasi. Bi Tome anapanda vitunguu saumu kwenye ndoo. Basi. Yule mwanaume aliyekuwa mume wa mmoja na mtoto wa mwingine amekwisha kufa kabla kitabu hakijaanza, na kurasa zote zile hakuna anayemtaja jina.

Kuna sura nzima ya tunda moja. Bi Tome anamenya pea, anaikata vipande vitatu kwa mazoea. Kila mmoja anakula chake. Kipande cha tatu kinabaki kwenye sahani, kinaanza kubadilika rangi, na wao wanakiangalia. Wanazima taa, wanalala. Asubuhi sahani ni tupu, na mwandishi hakwambii nani alikula.

Niliposoma pale niliweka kitabu kifuani nikalia. Baba alifariki mwaka jana, na ilichukua muda mrefu mkono wa Mama kuzoea kutopakua sahani yake.

Kingine cha kwake nilikisoma kwenye simu, vipande vipande, kila nilipopata bando. Kina hadithi fupi fupi. Katika moja kuna mtoto anayejifanya amelala kwenye gari ili baba yake ambebe mpaka ndani. Anakua, miguu inazidi mikono ya baba, bado anajifanya. Baba naye anajua, na anajifanya hajui. Hadithi imeisha hapo hapo mlangoni, baba anahangaika na funguo huku amebeba mtu aliyekaribia kuwa mtu mzima. Sijui huyu mama anapata wapi vitu hivi. Haandiki kwamba wanapendana. Anakuonyesha funguo, unalia.

Kabla ya hapo nilidhani aibu ni ugonjwa wangu binafsi. Kumbe kuna mtu kule mbali ameifanya kuwa kazi yake.

Sasa habari ya Bibi.

Bibi ni mama yake Baba. Alikuja msibani kutoka kwake Sekenke, na watu walipotawanyika akabaki. Mama anauza chakula pale malori yanaposimama, wali maharage na kuku wa kienyeji, kwa hiyo nyumbani mchele wa kuchambua hauishi. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kila alasiri nakaa na Bibi barazani, yeye na ungo, mimi na sinia la maharage, na kitabu magotini.

"Unasoma nini kinachokufanya ufute macho, mke mwenzangu?" aliniuliza siku moja.

Nikamsimulia ile pea. Aliacha kupepeta.

"Amekula mkwe," akasema. "Usiku, mwenzake kalala. Mimi ningekula."

"Kwa nini asiwe mama mtu?"

"Mama mtu hawezi. Kitapita wapi?" Akajigusa koo.

Kuanzia siku ile ikawa kila alasiri. Nasoma sentensi kimya kimya kwa Kiingereza, halafu naitoa kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapokuwa kigumu kama cha ofisini natia Kinyiramba. Theluji ilinishinda. Nilimwambia ni barafu inayoshuka kama unga.

"Unga wa nani?" akauliza. "Na hawakingi?"

Lakini tabia za wale watu sikuhitaji kumweleza. Sachi anapoinamisha kichwa badala ya kujibu, Bibi anaguna kama mtu aliyeona ndugu yake sokoni. "Hawa ni Wanyiramba," aliniambia. "Walipotea tu njia."

Na sauti yangu haikwami. Hilo nalo sijawahi kulisema popote. Barazani na Bibi nasoma kama mtangazaji wa redio.

Mama naye alikuwa anasikiliza. Hakuwahi kusema. Akirudi kupumzika kabla ya wateja wa jioni huwa anaosha masufuria nyuma ya ukuta wa jiko, hatua chache kutoka tulipokaa, na nikifika mahali pazuri, kusugua kunapungua.

Mama na Bibi hawajawahi kugombana. Ningependa mjue hilo. Asubuhi Mama anapiga goti, "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Mama Rehema." Chakula kinaletwa kimefunikwa, maji ya kunawa yana uvuguvugu, kisha Mama anaondoka. Wanaokula barazani ni Bibi na mimi. Anayekula jikoni ni Mama. Heshima imejaa nyumba mpaka hakuna pa kupita.

Kila mmoja wao ameniambia neno lake, na kila mmoja amenikataza kulifikisha.

Bibi aliniambia hivi: "Mama yako bado kijana. Nani atakuja kubisha hodi hapa akikuta mkwe kakaa mlangoni? Nikiondoka, atapumua. Usimwambie."

Mama aliniambia wakati ananisuka, nikiwa nimempa kisogo, hatuonani nyuso: "Bibi yako anavumilia tu. Kazoea nyumba yake na shamba lake, hapa anapigiwa honi za malori usiku kucha. Namwona hana raha, na sina haki ya kumzuia. Mtoto wake ndiye aliyetuunganisha. Usimwambie nimesema."

Nilinyamaza kwa wote wawili. Ndicho ninachokiweza.

Kisha mawingu yakaanza kuonekana, na Bibi akafunga mfuko wake. Kule kwake kuna shamba la mtama linalomngoja. Aliuweka mfuko nyuma ya mlango, akaniambia, "Tumalize kwanza hadithi ya hawa watu. Si vizuri kuondoka kwa watu katikati ya maneno yao. Wakimaliza, naenda."

Kwa hiyo unaelewa.

Usiku ule ule nilikimbilia mwisho peke yangu, kuona umebaki mwendo gani. Ulikuwa umebaki mdogo. Na mwisho wenyewe ulikuwa ule ambao sikuweza kuusoma barazani, mbele ya mfuko uliofungwa.

Ndipo nikaanza kutunga. Nilidhani ni kazi rahisi, nimemsoma sana, nimemjua. Nikawapa jirani mchokozi. Nikamfanya dereva wa basi augue jino, Sachi amtafutie dawa. Nikawaletea paka, nikamsahau, nikalazimika kumwua. Ndipo nilipojua ukubwa wa yule mama. Yeye akiweka sahani tupu mezani, nyumba nzima inatetemeka. Mimi nilikuwa naweka jirani, dereva, paka, mara nyingine hata gari la zimamoto, na hakitetemeki kitu. Kila nikiishiwa, nawafanya waseme yaliyo moyoni. Ndiyo njia ya mkato. Nimeipita mara nyingi.

Leo nilifika mahali ambapo Sachi anamshika Bi Tome mikono yote miwili na kumwambia, "Mama, bila wewe maisha yangu ni upweke mtupu." Najua. Hata mimi niliona aibu maneno hayo yakitoka. Mwandishi wangu angeangalia pembeni.

Bibi akaweka ungo chini.

"Hawa watu siku hizi wanaongea sana," akasema.

"Wanaongeaje, Bibi?"

"Mwanzo walikuwa na adabu. Mtu akiumia, anamenya tunda. Sasa kila mmoja anamwaga moyo kama mgombea udiwani." Akaniangalia. "Iliisha lini?"

Nikafunga kitabu.

"Zamani kidogo," nikasema.

"Nilijua. Ile siku ya dereva na jino lake. Nikasema, huyu si yule mama, huyu ni mke mwenzangu."

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Ungeacha."

Akaokota chuya moja kwenye ungo, akaitupia kuku. "Haya. Soma mwisho wenyewe, kama alivyouandika."

Nikausoma. Ni alfajiri, kituo cha mabasi. Bi Tome amepanga foleni kama abiria wengine, mfuko begani. Anafika dirishani, anataja kijiji cha dada yake. Sachi anakata tiketi, anaipitisha chini ya kioo. Bi Tome anaikunja ndani ya leso. Sachi anamwambia kile anachomwambia kila mtu, "Safari njema," halafu anamwita anayefuata. Ukurasa umekwisha, kitabu kimekwisha.

Kwa Kiingereza mwisho huo ni mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Kwa Kiswahili, barazani kwetu, ulikuwa kama mtu kazima jiko wakati watu hawajala.

Nyuma ya ukuta kusugua kulikuwa kumekoma kabisa. Mama akatokea. Huwa hatokei. Povu limemfika kwenye viwiko, kitenge kimelowa, amesimama pale kwenye kona ya jiko ananitazama mimi kama vile ndiye niliyekiandika.

"Kwa nini alimkatia tiketi?"

"Ndiyo kazi yake, Mama."

"Kazi." Akatikisa povu chini. "Mimi ningemwambia basi limejaa."

Lori moja lilikuwa linapanga gia barabarani, likapita, likaisha. Bibi alikuwa ameinamia mchele wake.

"Na la kesho yake?" akauliza Bibi taratibu, bila kuinua uso.

"Limejaa."

"Hata kiti cha utingo hakuna?"

"Utingo mwenyewe kasimama."

Niliona mdomo wa Bibi ukijibana kwa kicheko. Sijawahi kuwasikia wakitaniana, hata Baba alipokuwepo.

"Basi angengoja wiki ijayo," Bibi akasema.

"Mama, mvua ndiyo hiyo inaingia," Mama akajibu, na sauti yake ikabadilika. "Mabasi hayana nafasi mpaka mavuno."

Kisha akageuka haraka, akarudi kwenye masufuria yake, akayasugua kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Ingekuwa mimi ndiye ninayetunga, ningekatia hapo, Bibi afungue mfuko wake. Lakini Bibi alichambua mchele wote kimya, akaumaliza, akaniita karibu.

"Amesema vile kwa sababu anataka," akaninong'oneza, "au ni ile heshima yake?"

Nikamwangalia. Nilikuwa na jibu lote kinywani. Nilikuwa nalo tangu siku ile Mama ananisuka. Nikafungua mdomo, na unajua kilichotokea.

Hakuna kilichotoka.

Bibi akanipigapiga goti. "Basi, acha. Nisimsumbue mama yako, mtoto wa watu, kwa maneno ya kitabu." Akaingia ndani. Mfuko bado umefungwa. Nimeuchungulia kabla sijaja huku. Na jioni hii amemtuma mtoto wa jirani aulize basi la kesho linapita saa ngapi. Mama hajui.

Kwa hiyo ndiyo maana naandika.

Namfikiria yule mama wa Kijapani na sweta lake. Nampenda, nitampenda nikiwa mzee. Alinifundisha kwamba kimya kina watu ndani yake. Lakini leo kwa mara ya kwanza nimegombana naye. Yeye aliwaacha wale wawili na kioo katikati, akazima taa, akaenda kulala, na sisi wasomaji tukasema ni uzuri ulioje. Ni uzuri kweli. Ila Bi Tome wake ni wa karatasi, huyu wangu anakohoa chumba cha pili.

Nikiweza siku moja kuandika nusu ya vile anavyoandika yeye, nitafurahi mno. Ila sidhani nitaweza kumwacha mtu apande basi.

Na je, mtu aliyekatazwa na watu wawili kusema, afanye nini, kama anachojua ndicho pekee kinachokosekana? Nimejiuliza hivyo tangu saa kumi. Mdomo wangu haufai kwa kazi hii. Ulishindwa leo, utashindwa na kesho.

Nyumbani hakuna anayejua kuhusu ukurasa huu ninaowaandikia mtandaoni. Wanadhani nachati. Mtu akikaribia mlango, nalaza simu kifudifudi, najifanya nakunja nguo. Imekuwa mazoea kiasi kwamba nguo zangu zimekunjwa vizuri kuliko za mtu yeyote Shelui.

Nasikia ndala zinakuja kutoka jikoni. Ni Mama, namjua, ya kushoto anaiburuza. Atakuja kuniita nikamsaidie kubeba chakula cha jioni. Ataanza kama kawaida, "Bado uko na simu?"

Yote yamo humu. Aliyoyasema Bibi juu ya mlango, aliyoyasema yeye akinisuka, na basi la kesho. Niliahidi sitasema, na sijasema.

Amefika. Simu iko kitandani, uso juu, inawaka. Leo sikunji nguo.

Pita tu, Mama.